Mkwaruzo Nao ni Historia: Kanda za Redio Kutoka Mbulu na Hanang

Muulize mpenzi yeyote wa zilipendwa kwamba historia ya muziki wetu wa dansi imehifadhiwa wapi. Atakujibu haraka haraka: Radio Tanzania, Barabara ya Pugu. Jibu hilo ni sahihi, ila ni nusu tu. Nusu nyingine iko kwenye maboksi ya viatu, chini ya vitanda na juu ya makabati ya vyombo, kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga Barabara ya Pugu maishani mwao. Nazungumzia kaseti ambazo wasikilizaji walijirekodia wenyewe kutoka redioni, bendi ikiwa inapiga, miaka ya 1970 na 1980.

Siku hizi kuna vijana wanaozitafuta kaseti hizo, wanaziingiza kwenye laptopu, wanaondoa mikwaruzo, wananyoosha sauti, halafu wanazirusha kwenye YouTube na kwenye makundi ya WhatsApp. Hakuna anayewalipa. Wanafanya kwa mapenzi tu. Mimi nawavulia kofia. Lakini nina wasiwasi nao pia, na leo nataka niueleze huo wasiwasi. Kwa kifupi ni huu: tunaweza kuisafisha historia mpaka ikaisha.

Twende taratibu.

Redio ya nchi nzima

Utangazaji Tanganyika ulianza mwaka 1951 na kituo kidogo kilichoitwa Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikaja Radio Tanzania Dar es Salaam, ile RTD ya wazee wetu, ambayo leo ni TBC. Kwa Tanzania Bara, RTD ilitawala anga peke yake mpaka sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua mlango kwa redio binafsi. Radio One ikaanza 1994, Clouds FM ikafuata 1999. Yaani kwa miaka karibu thelathini, ukiwasha redio Kigoma, Newala au Mbulu, unasikia sauti zile zile.

Sasa, upande wa muziki kuna jambo ambalo vijana wengi wa rika langu hawalijui. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza sahani za santuri. Bendi iliyotaka kutoa santuri ilitazama Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa mpaka mwaka 1983. Bendi nyingi zikabaki na mlango mmoja tu: studio ya RTD.

Na studio yenyewe ilifanyaje kazi? Bendi nzima iliingia kwa pamoja. Waimbaji, solo, ridhimu, besi, tumba, tarumbeta, wote wanapiga kwa mpigo mmoja mbele ya vipaza sauti vichache. Hakukuwa na mambo ya leo, ya kuingiza sauti Jumatatu na gitaa Alhamisi. Mtu akikosea, mnarudia wimbo kuanzia mwanzo. Kwa hiyo hata zile nyimbo tunazoziita "za studio" kutoka kwa NUTA Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz au Mlimani Park ni nusu onyesho. Unasikia watu wakiwa chumba kimoja, wakitazamana.

Halafu kulikuwa na matangazo ya onyesho lenyewe, bendi ikipiga mbele ya watu na redio ikirusha. Wazee wakikusimulia kipindi cha Klabu Raha Leo macho yanawaka! Hapo wimbo haukubanwa na dakika za santuri. Mpiga solo alizunguka alivyotaka, mwimbaji alitaja majina ya marafiki zake, ukumbi ulishangilia. Wimbo ule ule ulioujua kutoka studio, hapa ulikuja na nguo nyingine.

Tatizo la matangazo ya aina hiyo ni kwamba yakishapita, yamepita. Kama hakuna mtu aliyeweka kanda ikazunguka wakati ule ule, hayapo tena. Na mara nyingine mtu huyo hakuwa fundi mitambo wa redio. Alikuwa mwalimu, au mwuza duka, au bwana shamba, amekaa mamia ya kilomita kutoka Dar, kidole kiko kwenye kitufe chekundu.

Mbulu na Hanang zilivyosikia

Kwa nini Mbulu na Hanang? Kwa sababu huko ndiko nilikozunguka kwa ajili ya habari nyingine kabisa, ya bei ya mazao, nikajikuta naulizia kaseti kuliko ninavyoulizia mahindi.

Hanang ilikuwa sehemu ya Mbulu mpaka mwaka 1969 ilipogawanywa na kuwa wilaya yake. Zote mbili zilikuwa Mkoa wa Arusha mpaka Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa mwaka 2002. Ukisikia mtangazaji kwenye kaseti anasoma salamu za msikilizaji wa "Katesh, Arusha", usicheke ukadhani hajui jiografia. Anakupa umri wa kanda: ni kabla ya 2002.

Ni nchi ya juu, ya baridi, ya ngano na ng'ombe, na Mlima Hanang wenye zaidi ya mita 3,400 umesimama juu ya mji wa Katesh kama mzee wa baraza. Wairaqw na Wadatooga ndio wenyeji wanaojulikana zaidi, na majirani zao ni Wanyaturu, Wanyiramba na Wahadzabe. Watu wa lugha wanasema ni eneo la pekee Afrika, kwa sababu lugha za asili mbalimbali kabisa zimekaa jirani namna hii.

Redio ilifika huko kwa masafa ya kati na masafa mafupi. Masafa ya kati yana tabia yake. Mchana yanatambaa karibu na ardhi na hayaendi mbali sana. Usiku yanapanda juu angani, yanagonga tabaka la hewa yenye umeme na kurudi chini mbali sana. Ndiyo maana muziki wa usiku, ambao ndio mtamu, ulifika Dongobesh na Haydom ukiwa unapanda na kushuka kama mtu anayepumua, na mara stesheni nyingine ya nchi jirani inajipenyeza katikati ya ubeti.

Halafu betri. Vijiji vingi havikuwa na umeme. Betri zilikuwa mali. Zikichoka, zilianikwa juani zipate uhai wa siku mbili tatu. Kanda ilirudishwa nyuma kwa kuzungushwa na kalamu ya Bic, ili betri zitumike kwa kusikiliza tu. Sasa fikiria mtu anarekodi onyesho la saa nzima kwa betri zinazochoka. Mota ya kinasa inapungua kasi kidogo kidogo. Ukija kuipiga kanda hiyo leo kwa mashine nzima, yenye kasi sahihi, wimbo unaanza vizuri, halafu unapanda, unapanda, mpaka mwimbaji wa makamo anakuwa na sauti ya mtoto wa kwaya.

Dongobesh nilipokelewa na mwalimu mstaafu mwenye kaseti arobaini na kitu ndani ya sanduku la bati. Nikamwamkia, tukanywa chai ya maziwa, akanieleza utaratibu wake. Redio yake ya kwanza haikuwa na kinasa. Aliazima kinasa cha shule, akakiweka mezani mbele ya spika ya redio, akawafukuza watoto nje.

"Watoto walitoka, Mwalimu?" nikamuuliza.

"Walitoka, mwanangu. Jogoo ndiye aliyekataa."

Na kweli yumo! Katikati ya solo la gitaa, jogoo anawika. Mara mbili. Baada ya hapo unasikia mlango, na sauti ya mama inauliza jambo kwa Kiiraqw, na mtu anamnyamazisha kwa "sshh" ndefu. Nilicheka mpaka machozi. Lakini baadaye nikafikiri: hii ni rekodi ya bendi ya Dar es Salaam, na papo hapo ni rekodi ya namna Dar es Salaam ilivyosikika ndani ya nyumba moja ya Mbulu. Hakuna studio duniani yenye nakala hiyo.

Kazi ya vijana wa kusafisha

Katesh nilimkuta kijana anayetengeneza simu. Nyuma ya meza yake ana deki ya kaseti aliyoifufua mwenyewe, waya mmoja, na laptopu. Usiku, wateja wakiisha, anasafisha kanda. Amejifunza peke yake, kwa kutazama video na kujaribu. Nilikaa naye usiku mbili, na ninaomba nieleze anachofanya, maana wengi tunadhani ni kubonyeza kitufe kimoja.

Kwanza anafungua kaseti na kuitazama. Kama utepe umekatika anauunga. Kama ndani kuna ukungu, anausafisha kabla haujachafua mashine. Halafu anashika bisibisi ndogo na kugeuza skrubu iliyo pembeni ya kichwa cha kusomea, polepole, huku anasikiliza. Kila kinasa cha zamani kilikuwa na kichwa kilichokaa kwa pembe yake. Ukiipata pembe ile ile iliyotumika kurekodi, sauti inafunguka ghafla, kama mtu ametoa kitambaa mdomoni. Hii hatua haigharimu hata senti na inashinda programu nyingi.

Pili anaiingiza kwenye kompyuta, na hapo anatumia Audacity, programu ya bure iliyoanza kusambazwa mwaka 2000. Anatafuta kasi sahihi. Kama wimbo ule ule upo kwenye santuri, analinganisha. Kama kinasa kilichomekwa kwenye umeme, anatafuta mvumo wa umeme wenyewe. Umeme wetu hutetemeka mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo mvumo ukisomeka 52 na nusu, ujue kanda inakimbia kwa asilimia tano. Akaivuta nyuma. Ni hesabu rahisi, na mimi niliona kama uganga.

Tatu, anapunguza kelele. Redio ya masafa ya kati haibebi sauti nyembamba sana. Juu ya mitetemo elfu tano hivi kwa sekunde muziki karibu hakuna, kilichobaki ni mchirizo wa kanda tu. Kukata hapo hakumuumizi mtu. Lakini chini ya hapo ndipo ubishi unapoanza. Programu inaonyeshwa kipande chenye kelele tupu, inajifunza sura ya kelele hiyo, halafu inaiondoa kila mahali. Sasa kayamba na mchirizo wa kanda vina sura zinazokaribiana. Makofi ya ukumbini na mkwaruzo wa redio pia. Ukizidisha, kayamba linakufa, ngozi ya tumba inakuwa kama inapigwa ndani ya ndoo ya maji, na mwimbaji anaimba kutoka chini ya bwawa.

Miaka hii ya karibuni zimeingia programu nyingine zinazotumia akili bandia. Mwaka 2019 kampuni ya Deezer ilitoa bure programu ya Spleeter, inayotenganisha sauti ya mwimbaji na vyombo. Nyingine zimefuata, zenye nguvu zaidi. Zipo ambazo hata zinaongeza sauti nyembamba ambazo kanda haikuwa nazo. Zinazitoa wapi? Zinakisia! Zimesikiliza muziki mwingi, mwingi wake wa huko kwao, halafu zinakisia kwamba hapa pangefaa kuwa na tasa, na pale pangefaa kuwa na mng'aro. Unapata wimbo unaong'aa, wa bendi ambayo haikupiga hivyo.

Dakika mbili za maneno

Kaseti moja ya yule mwalimu ilikuwa imeshasafishwa na mtu na kusambazwa. Nikaipata nakala yake kwenye simu, nikailinganisha na kaseti yenyewe. Kwenye nakala hakuna mtangazaji. Hakuna makofi. Hakuna jogoo, bila shaka. Wimbo unaanza moja kwa moja na gitaa, safi. Na jina la faili lina jina la bendi isiyo yake.

Kwenye kaseti yenyewe mtangazaji anaitaja bendi kwa jina lake: JUWATA Jazz. Aliyesafisha aliyaona maneno ya mtangazaji kama uchafu, akayakata. Baada ya hapo mtu mwingine akabahatisha jina.

Unaona hasara? Bendi ile ilianza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika na kuwa JUWATA mwishoni mwa miaka ya 1970, bendi nayo ikabadili jina. Baadaye ikaitwa OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Kwa hiyo neno moja tu la mtangazaji linakueleza kwamba onyesho hilo si la miaka ya 1960 wala ya katikati ya miaka ya 1990. Vivyo hivyo kwa Mbaraka Mwinshehe: ukimsikia akitangazwa na Morogoro Jazz ni kipindi kimoja, ukimsikia na Super Volcano ni kuanzia mwaka 1973, na vyovyote vile ni kabla ya Januari 1979 alipofariki kwa ajali ya gari huko Kenya. Mtangazaji ndiye cheti cha kuzaliwa cha kanda. Ukimkata, umebaki na mtoto asiye na ukoo.

Nilimweleza kijana wa Katesh. Akanijibu vizuri, na sitaki nimdharau. "Kaka, mimi nikiweka dakika mbili za maneno na mikwaruzo, watu wanaruka. Wadogo zangu hawawezi kusikiliza. Nikisafisha, wanasikiliza mpaka mwisho, halafu wananiuliza hii ni bendi gani." Ana hoja. Muziki usiosikilizwa nao umekufa, hata kama umehifadhiwa vizuri. Mwaka 2018 ilitoka filamu ya Wahenga, ya Amil Shivji na Rebecca Corey, inayohusu juhudi za kuzifufua zilipendwa, na hoja ya kijana huyu imo humo: zilipendwa hazitaishi kwa kufungiwa stoo.

Wenzetu wamefanyaje?

Jambo hili si letu peke yetu. Uingereza, BBC ilifuta kanda nyingi za tamthilia ya televisheni ya Doctor Who ya miaka ya 1960. Picha zikapotea. Lakini kulikuwa na watoto waliokuwa wakiweka kipaza sauti mbele ya televisheni nyumbani, kama mwalimu wetu na kinasa cha shule. Kwa sababu ya mashabiki hao, sauti ya kila sehemu iliyopotea ipo hadi leo, na imesafishwa. Shirika kubwa lilifuta, mtoto na kinasa chake akahifadhi.

Marekani, bendi ya Grateful Dead iliona mashabiki wanarekodi maonyesho yake, na badala ya kuwafukuza, mwaka 1984 ikawatengea eneo lao ukumbini. Sharti lilikuwa moja: badilishaneni, msiuze. Mashabiki wakajijengea nidhamu. Kila kanda ikaambatana na maelezo: ukumbi gani, tarehe gani, imenakiliwa kutoka nakala ipi, nani ameigusa na amefanya nini. Leo mtu akisafisha upya onyesho la mwaka 1977, nakala ya kwanza ipo, na anayetaka kulinganisha analinganisha.

Na mwaka 2023 Beatles walitoa wimbo wa Now and Then, sauti ya John Lennon ikiwa imechomolewa kwa akili bandia kutoka kwenye kaseti aliyojirekodia nyumbani miaka ya 1970. Dunia ikapiga makofi. Lakini angalia: kaseti ilitoka kwa mjane wake, wenzake waliobaki walihusika, na kila mtu aliambiwa kilichofanyika. Hawakuificha kazi ya mashine.

Kwetu nako watu wamehangaika. Wataalamu kama Mjerumani Werner Graebner walisaidia rekodi za RTD zikatoka kwenye CD huko nje. Albamu ya Sikinde ya Mlimani Park, kwa mfano, ilitolewa na kampuni ya Africassette ya Detroit mwaka 1994. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, mradi wa Tanzania Heritage Project ulichangisha fedha kwa ajili ya kuziingiza kanda za RTD kwenye kompyuta. Mwanamuziki John Kitime ameandika kwa miaka mingi kumbukumbu za wanamuziki wenzake. Lakini hizo ni juhudi zilizoelekezwa zaidi Dar, kwenye kanda za redio na kwa wanamuziki wenyewe. Sanduku la bati la Dongobesh halimo kwenye mradi wowote.

Upande wa pili wa kaseti

Na sasa nafika kwenye jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote.

Kaseti ilikuwa na pande mbili, na haikutupwa. Juu yake kulikuwa na vijipande viwili vya plastiki. Ukivivunja, haiwezi kurekodiwa tena. Ukibadili mawazo, unaziba tundu kwa karatasi na kurekodi upya. Kwa hiyo kwenye kaseti za Mbulu na Hanang unakuta upande wa kwanza Mlimani Park kutoka redioni, na upande wa pili harusi ya Kiiraqw, au wimbo wa Kidatooga ulioimbwa na kina mama uani, au mzee anatoa slufay.

Slufay, kwa asiyejua, ni sala na ushairi wa Wairaqw. Mzee anatamka, anaomba mvua, afya na amani, na watu wanaitikia. Profesa Kamera alikusanya hadithi za Wairaqw tangu miaka ya 1970. Mwaka 2002 Maarten Mous, Martha Qorro na Roland Kiessling walitoa kamusi ya Kiiraqw na Kiingereza. Kwa hiyo maneno yameandikwa, angalau sehemu. Sauti je? RTD ilitangaza ndani ya nchi kwa Kiswahili, na ilikuwa na sababu zake za kujenga taifa. Lugha zetu nyingine zilipata nafasi ndogo, hasa kwenye ngoma. Kwa hiyo mzee aliyetoa slufay kwenye harusi ya mwaka 1984 usitegemee kumkuta Barabara ya Pugu. Yuko upande wa pili wa kaseti ya mtu.

Wasafishaji wanaotafuta zilipendwa wanaingiza upande wa kwanza tu. Upande wa pili hauna bendi maarufu, hauna watazamaji. Na hata ukiingizwa, programu ya kuondoa kelele ina hatari kubwa zaidi huko. Mzee yuko karibu na kinasa, waitikiaji wako mbali, sauti zao ni za chini. Mashine inawaona kama mvumo wa nyuma, inawafuta. Anabaki mzee anasali peke yake. Hiyo si slufay tena, maana sala isiyoitikiwa ni hotuba.

Haki ya mwenye wimbo

Kuna suala jingine, la wenye mali. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, iliyoleta COSOTA, inalinda haki ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Hesabu mwenyewe: nyimbo za Mbaraka zinalindwa hadi 2029. Na si mtunzi tu, wapiga vyombo na kituo cha utangazaji nao wana haki zao. Ukisafisha kanda, umefanya kazi ya kusafisha. Hujawa mwenye wimbo. Nimeona majina ya wasafishaji yamebandikwa makubwa kwenye video, huku mpiga solo hatajwi kabisa. Wanamuziki wa zama hizo walilipwa kidogo sana kwa kurekodi, na wengi wao walizeeka wakisikia nyimbo zao redioni kila wiki bila kupata kitu. Tukiwanyima na jina, tutakuwa tumewachukulia kila kitu.

Matope ya Katesh

Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa ilishusha matope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang mpaka Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Watu zaidi ya themanini walipoteza maisha. Mbele ya msiba wa namna ile, kuzungumzia kaseti kunaweza kuonekana ni kukosa adabu, na sifananishi uhai wa mtu na kitu. Lakini waliobaki wakifukua nyumba zao walitafuta nini baada ya kuwazika watu wao? Vyeti. Picha. Vitu vyenye sura na sauti za waliokwenda. Kama sauti ya bibi yako iko kwenye kaseti moja tu, ndani ya nyumba moja tu, basi iko umbali wa mvua moja tu na kupotea. Na hata mvua isipokuja, utepe unachoka wenyewe, na deki za kuupiga zinakwisha.

Kwa hiyo siwaambii vijana waache. Nawaambia waongeze kasi, ila kwa utaratibu. Ingiza kaseti nzima, pande zote mbili, kabla hujagusa chochote, na nakala hiyo usiifute kamwe, hata ikikera. Usafi fanya kwenye nakala nyingine. Toa wimbo uliosafishwa kwa wadogo zako wasikilize, sawa kabisa, lakini mwache mtangazaji ataje bendi. Andika kaseti ilitoka wilaya gani, ilirekodiwa na nani kama amekubali kutajwa, kasi uliirekebisha kwa kiasi gani, na kama akili bandia imeongeza kitu, sema imeongeza. Tafuta majina ya wapigaji. Kwa slufay na nyimbo za harusi, omba ruhusa ya familia kwanza, kwa sababu kuna maneno ya nyumbani ambayo si ya kila mtu.

Na nyie mnaosoma hapa, mlioko Dar, Arusha na Mwanza, mnaokwenda kwa wazazi mwisho wa mwaka: mwulizeni mzee kama ana kaseti. Msichukue sanduku lote mkaondoka nalo. Kaeni naye mzisikilize, awaambie ni nani huyo anayeongea na mwaka gani ulikuwa. Mwalimu wa Dongobesh anakumbuka kila usiku aliorekodi, kanda kwa kanda, bila kuandika popote. Kwenye maganda ya kaseti zake zote arobaini na kitu, wino umeshafutika.